Kadi ya silaha ikinyang'anywa Illinois, nani anaifuata bunduki? Tujadili wanaotaka sheria hizi zifutwe

Mtoka_Nyarugusu (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nipo Moline, Illinois. Kwa wasiopajua, ni mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi, ukivuka daraja tu umeshaingia Iowa. Kiwandani kwetu zamu ya usiku tumejaa Wakongo, Warundi, Watanzania wachache na Wakenya, na siku hizi chumba cha mapumziko hakikaliki kwa ubishi wa bunduki. Kila kikao cha bunge la jimbo pale Springfield, wabunge wa Republican hupeleka muswada wa kufuta Sheria ya FOID yote, na ikifutwa, nguvu ya polisi wa jimbo ya kusimamisha au kunyang'anya kadi inaondoka nayo. Miswada hiyo haifiki popote kwa sababu Democrats wamelishika bunge, lakini mahakamani moto unawaka, na majimbo jirani yalishatangulia. Nimeona nilete hapa maana wengi wetu tunabishana kishabiki kama Simba na Yanga, na sheria yenyewe hatujaisoma.

Kwanza FOID ni nini. Ni kadi ya utambulisho wa mwenye silaha, ipo tangu 1968. Ukiwa mkazi wa Illinois huruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, hata ndani ya nyumba yako, bila hiyo kadi. Ada yake dola 10, inadumu miaka 10, inatolewa na polisi wa jimbo. Ukitaka kubeba bastola kiunoni chini ya koti, hiyo ni leseni nyingine juu yake, ambayo Illinois ilikuja kuikubali 2013 ikiwa ya mwisho kati ya majimbo yote 50, tena baada ya kubanwa na mahakama.

Kadi inanyang'anywa ukihukumiwa kosa kubwa, ukipigwa amri ya zuio kwa ugomvi wa nyumbani, ukilazwa hospitali ya akili, au daktari, mkuu wa shule au polisi wakiripoti kwamba wewe ni hatari ya wazi. Ukinyang'anywa unaletewa barua. Una saa 48 kurudisha kadi na kujaza fomu inayosema silaha zako zote zimekwenda wapi: aina, namba, nani amepokea, sahihi yake.

Soma hapo tena. UNALETEWA BARUA. Wewe mwenyewe uliyeonekana hatari ndiye unayetegemewa kuandika kwa uaminifu kwamba una bastola tatu na umeshazikabidhi.

Tarehe 15 Februari 2019, Aurora, saa moja tu magharibi ya Chicago, kwenye kiwanda cha vali cha Henry Pratt. Mfanyakazi mmoja aliitwa kwenye kikao cha kufukuzwa kazi. Akatoa bastola, akaua wenzake watano, akajeruhi polisi kadhaa kabla hawajamuua. Uchunguzi ulipofanyika ikajulikana hakustahili kuwa na bastola ile kwa miaka karibu mitano. Alipata FOID Januari 2014, akanunua bastola Machi. Halafu akaomba leseni ya kubeba, akapigwa alama za vidole, na hapo ndipo hukumu yake ya 1995 kule Mississippi, ya kumshambulia mwanamke aliyekuwa naye, ikaibuka. Aprili 2014 kadi ikafutwa, barua ikatumwa. Hakujibu. Hakuna askari aliyekwenda kugonga mlango.

Ilipochimbwa zaidi ikaonekana 2018 peke yake jimbo lilikuwa limefuta zaidi ya kadi 10,000, na wengi wa waliofutiwa hawakurudisha ile fomu.

Sasa wanaotaka sheria ifutwe wanaishika Aurora kama ushahidi: "Mmeona? Leseni haizuii kitu." Mimi naishika Aurora ileile kusema kinyume. Kifungu cha kunyang'anya kilifanya kazi yake siku ile Aprili 2014: kilimtambua mtu sahihi, kwa sababu sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuichukua bastola. Ukifuta kifungu hujaziba hilo tundu, umebomoa na ukuta uliobaki.

Karibuni, ila matusi pembeni.

---

Paka_wa_Bandarini

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Nawasubiri wale wa "Marekani kila mtu anatembea na bunduki kama kwenye muvi".

---

Mzee_wa_Tandika

Mleta uzi umenifungua. Mimi nilidhani huko unaingia dukani unatoka na chuma, basi.

Huku kwetu unaanzia serikali ya mtaa, unapanda kata, unafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, polisi wanakupekua mpaka ukoo. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo kabisa. Ukisikia mtu ana bastola halali mtaani kwetu ujue ni mfanyabiashara au mkubwa fulani. Kwa hiyo nauliza kwa nia njema: kama polisi wamejua mtu hafai, kwa nini wasiende asubuhi yake kuichukua? Barua ya nini?

---

Mtoka_Nyarugusu

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ndilo swali lenyewe.

Polisi wa Marekani hawaingii ndani kwa mtu bila hati ya jaji, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo. Kadi ikifutwa, hiyo ni hatua ya kiofisi, haimpi askari ruhusa ya kuvunja mlango. Inabidi mtu aandike maombi, aeleze kwa nini anaamini silaha imo ndani, jaji asaini. Hiyo kazi inataka watu, pesa na moyo. Polisi wa jimbo wakawa wanasema ni kazi ya polisi wa mji, wa mji wanasema hawakuarifiwa vizuri, sherifu wa kaunti anasema ana askari wachache na kaunti nzima ya mashamba. Mpira unapigwa danadana, bunduki iko kabatini.

Baada ya Aurora walitunga marekebisho, Gavana Pritzker akayasaini Agosti 2021, akaenda kuyasainia palepale Aurora. Yakatenga fedha za operesheni za kuzifuata silaha za waliofutiwa. Ni hatua, lakini mrundikano ulishakuwa mlima.

---

Kisu_Hakina_Mpini

Mimi nipo ng'ambo ya mto, Davenport, Iowa. Acha nikupe upande wa pili maana naona uzi unaanza kunuka propaganda.

Iowa tuliachana na hizo habari 2021. Gavana Kim Reynolds alisaini Aprili, kuanzia Julai mosi hakuna ulazima wa kibali cha kununua bastola wala cha kubeba. Ukitaka kibali unachukua kwa hiari yako. Novemba 2022 wananchi wenyewe wakapiga kura na kuweka haki ya silaha kwenye katiba ya jimbo. Majimbo ya aina hii sasa ni 29. Je, Davenport tunachinjana kila asubuhi? Wewe mleta uzi unakuja kununua petroli huku kila wiki, mbona hujavaa fulana ya chuma?

Hoja yangu ni hii. Katiba ya Marekani inasema haki ya watu kuwa na silaha haitaingiliwa. Haki haikatiwi kadi. Huombi kadi ya kusali Jumapili, huombi kadi ya kuandika humu. Mama mmoja wa White County, huko huko Illinois, alikuwa peke yake nyumbani, bunduki ndogo ya .22 kando ya kitanda, hana rekodi yoyote ya jinai. Akashtakiwa mwaka 2017 kwa sababu hakuwa na kadi ya dola 10. Jaji wa kaunti akasema sheria hiyo, kwa mtu aliye ndani ya nyumba yake, inavunja Katiba. Kesi ikapanda Mahakama ya Juu ya Illinois mara mbili, mara mbili ikarudishwa chini bila kuamua kiini chake. Wanaogopa nini kuamua?

Na usisahau kipindi cha korona. Sheria inawapa polisi wa jimbo siku 30 kumjibu mwombaji. Watu walikaa miezi. Ofisi ikichelewa hakuna anayeadhibiwa, wewe ukichelewa saa 48 ni mhalifu.

Sasa mtu amekaa ofisini Springfield, hajakuona, anasoma karatasi, anakufutia haki ya kikatiba kwa barua. Kisha mnashangaa kwa nini watu hawajibu?

---

Mtoka_Nyarugusu

Umeongea na nakubali mawili: ucheleweshaji ulikuwa wa kweli, na mtu kusubiri miezi kupata jibu la haki yake ni aibu ya serikali.

Lakini umeruka jambo. Iowa hamkufuta marufuku. Aliyehukumiwa kosa kubwa, aliye chini ya amri ya zuio ya ugomvi wa nyumbani, hao sheria ya shirikisho inawakataza hata wakiwa Iowa. Mlichofuta ni kile kituo ambapo mtu anaonekana kabla. Siku akibadilika akiwa tayari na bunduki, nani anajua anayo? Hakuna kadi ya kufuta, kwa hiyo hakuna hata barua. Mnasubiri apige mtu ndiyo mfungue jalada.

---

Mama_Neema

Nimesoma mpaka hapa, ninyi wanaume mnabishana Katiba, mimi niseme la ndani ya nyumba.

Julai 2023, Chicago, mtaa wa Little Village. Mama mmoja, Karina Gonzalez, alikwenda mahakamani akapata amri ya zuio dhidi ya mumewe. Kadi ya FOID ya mume ikafutwa. Kila kitu kilifuata utaratibu. Bunduki haikuchukuliwa. Siku chache baadaye mama na binti yake wa miaka 15 waliuawa kwa risasi, na aliyeshtakiwa ni huyo mume.

Wanaharakati walipigania sheria miaka, na Februari 2025 gavana akasaini Sheria ya Karina, ikaanza Mei. Sasa mwanamke akiomba amri ya zuio na akaeleza kuna silaha, jaji anaweza kutoa hati ya upekuzi hapo hapo, na polisi wanatakiwa kwenda kuzichukua ndani ya saa 96. Polisi wenyewe wanakwenda. Haisubiriwi fomu ya mume.

Mimi natafsiri kwa akina mama wetu wanapokwenda mahakamani, Kiswahili na Kirundi. Nawaambieni kitu mnachokosa kukiona: mwanamke anayeomba amri ya zuio anapita kwenye saa zake mbaya kuliko zote ndani ya siku zinazofuata. Mume ameshajua. Karatasi ameshapelekewa. Heshima imeguswa. Na sisi tuna lile la "usitoe siri za ndani", wazee wa jumuiya wanakuja usiku kusuluhisha, wanaondoka wamemwambia mama afute kesi. Hakuna mzee hata mmoja anayeuliza bunduki iko wapi. Juzi nimekaa na binti wa watu, jaji anamwuliza, "Ana silaha?" Anasema ndiyo. "Ziko wapi?" Akajua mpaka rangi ya taulo iliyoifunika na kiatu kilichowekwa juu yake kabatini. Wanawake wanajua. Waulizeni.

Kwa hiyo kaka wa Davenport, ukiniambia kifutwe kifungu cha kusimamisha leseni kwa sababu ofisi inachelewa, sikuelewi. Ambulansi ikichelewa tunaagiza nyingine, hatuifuti hospitali.

---

Paka_wa_Bandarini

Kahawa imepoa. Dada umemaliza.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi naomba nipite katikati, kwa sababu hiki kitu kimenipitia mwilini.

Nilikuwa mlinzi mwenye silaha, kampuni siitaji. Kazi hiyo bila FOID hakuna. Baada ya kumpoteza mama yangu nyumbani na kushindwa kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi, nilianza kutolala. Mwisho nikajipeleka hospitali mwenyewe, kwa miguu yangu. Hakuna aliyenilazimisha, sikumtisha mtu, sikujaribu kujidhuru. Wakanilaza siku chache kitengo cha akili, nikapewa dawa, nikarudi nyumbani nafuu kabisa.

Halafu ikaja bahasha ya polisi wa jimbo. Sheria ya Illinois inasema ukiwa umelazwa kituo cha afya ya akili ndani ya miaka mitano iliyopita, kadi inaondoka. Haijali ulijipeleka au ulibebwa na pingu. Sheria ya shirikisho inawagusa waliolazwa kwa nguvu, ya Illinois inawagusa wote. Kazi ikaisha siku hiyo. Bastola ilikuwa ya kampuni, nikakabidhi, nikajaza fomu kwamba mimi binafsi sina hata moja.

Unajua kilichoniuma? Mwenzangu wa zamu ana shida kuliko zangu, anakunywa mpaka anatetemeka. Aliniambia wazi: "Umeona? Ndiyo maana mimi siendi hospitali." Huyo ana kadi yake mpaka leo.

Mimi sitaki sheria ifutwe. Nataka anayejitafutia tiba asiwekwe kapu moja na aliyetishia kuua watu.

---

Kisu_Hakina_Mpini

@Zamu_ya_Usiku pole sana kwa msiba. Na nashukuru umeandika mwenyewe, ningesema mimi ningeambiwa napiga propaganda. Akihamia huku Davenport, huyu ndugu sheria haimgusi. Kilomita mbili tu! Mto ndio unaamua kama una akili timamu?

---

Mtoka_Nyarugusu

Zamu, pole ndugu yangu. Hilo la kujilaza kwa hiari ni kifungu ningekirekebisha kesho asubuhi kama ningekuwa na kiti Springfield. Tenganisha aliyejipeleka na aliyepelekwa, weka daktari amwone baada ya miezi kadhaa na siyo miaka mitano.

Ila Kisu, angalia na upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Highland Park, kitongoji cha Chicago, 2022, gwaride la Julai 4, watu saba wakauawa kwa risasi. Septemba 2019 ndugu wa kijana aliyefanya mauaji hayo alipiga simu polisi kwamba ametishia kuua kila mtu nyumbani. Polisi wakachukua visu 16, sime na upanga, wakapeleka ripoti ya hatari ya wazi kwa polisi wa jimbo. Polisi wa jimbo wakaangalia: ana kadi ya kufuta? Hana. Ameomba? Hajaomba. Basi, jalada likafungwa. Miezi michache baadaye, akiwa na miaka 19, akaomba, baba yake akamdhamini, Januari 2020 akapewa. Yule baba alikuja kukiri kosa na kufungwa siku 60. Kijana mwenyewe ana kifungo cha maisha tangu Aprili 2025.

Kwa hiyo kwa Zamu sheria ilibana asiyestahili, kwa Highland Park ililegea kwa anayestahili. Ofisi ileile, kadi ileile. Nyote wawili mna haki ya kukasirika.

---

Dallas_Mbagala

Nawasalimu kutoka Texas, huku ndiko kwenye vituko.

Mnamjua Rahimi? Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jamaa wa hapa Arlington, Desemba 2019 alimkwida mpenzi wake kwenye maegesho ya magari, akamgonga kichwa kwenye dashibodi, na alipoona kuna shahidi, Rahimi akafyatua risasi. Februari 2020 mahakama ikatoa amri ya zuio, na humo ndani ikasimamisha leseni yake ya bastola kwa miaka miwili na kumkataza kuwa na silaha.

Unadhani alitii? Desemba 2020 mpaka Januari 2021 alihusishwa na matukio matano ya kufyatua risasi. Mojawapo yupo na rafiki yake kwenye mgahawa wa baga, kadi ya benki ya rafiki ikakataa, jamaa akapiga risasi hewani. Kwa baga! Polisi walipopekua chumba chake wakakuta bastola, bunduki, risasi, na nakala ya ile amri ya mahakama.

Tarehe 21 Juni 2024 majaji wanane kwa mmoja wakasema mtu ambaye mahakama imeona ni tishio kwa usalama wa mwenzake anaweza kuvuliwa silaha kwa muda, na Katiba haijavunjwa. Jaji Thomas peke yake akapinga. Hiyo ndiyo mahakama ileile ambayo 2022, kwenye kesi ya Bruen, iliipangua sheria ya New York na kulazimisha sheria zote za silaha zipimwe kwa historia ya nchi. Kwa hiyo anayesema "Katiba hairuhusu kunyang'anya", mahakama yenyewe imemjibu.

Lakini sikiliza kituko. Septemba mosi 2021 Texas ikaondoa ulazima wa leseni ya kubeba bastola kwa mwenye miaka 21 na zaidi asiye na marufuku. Sasa jaji akitoa amri ya zuio leo na kusimamisha leseni, anasimamisha kitu ambacho hata hukuhitaji kuwa nacho. Hawakugusa kile kifungu, kipo kitabuni mpaka leo. Wamekiondolea tu mzigo wa kubeba. Na 2025 wakapiga marufuku zile amri za kumvua mtu silaha kwa kuonekana hatari kabla hajafanya kosa. Oklahoma walifanya hivyo tangu 2020.

---

Kisu_Hakina_Mpini

Dallas, umesahau kumalizia: leseni ilisimamishwa na jamaa akaendelea kupiga risasi. Karatasi haikumzuia. Umenisaidia hoja.

Na kuna historia hamuigusi. North Carolina walikuwa na kibali cha kununua bastola tangu 1919, kinatolewa na sherifu kwa kuangalia "tabia njema". Enzi zile sherifu mweupe anamwangalia mkulima mweusi, tabia njema ataionea wapi? Mwaka 2023 bunge likakifuta, gavana akapinga, wakapiga kura kuupindua upinzani wake. Waliopigia debe kufutwa walitumia hoja hiyo hiyo ya ubaguzi. Hata FOID yenu imezaliwa miaka ya sitini, Chicago inawaka kwa ghasia za watu weusi. Msijifanye hamwoni ilikuwa inamlenga nani.

Halafu nyie weusi wenzangu mnataka polisi wapewe nguvu ya kuja mlangoni usiku kutafuta bunduki?

---

Dallas_Mbagala

Hapo kwenye mlango usiku nakaa kimya kidogo. Philando Castile, Minnesota, Julai 2016. Alikuwa na leseni halali. Akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi ndani ya gari, mtoto yupo kiti cha nyuma. Askari akaachiwa huru na mahakama.

---

Mtoka_Nyarugusu

Hoja ya ubaguzi ni nzito, siidharau. Sherifu mmoja kuamua kwa jicho lake nani ana tabia njema ni mlango wa upendeleo, hata kwetu tunaujua mlango huo, unaitwa "njoo kesho". Dawa yake ni kuandika sababu kwa uwazi, na aliyenyimwa awe na pa kukata rufaa.

Lakini tukiongelea kufuta, kuna jirani yetu wa kusini, Missouri. Nao walikuwa na kibali cha sherifu tangu 1921. Wakakifuta Agosti 2007. Watafiti wa Johns Hopkins wakafuatilia, wakakuta mauaji ya bunduki yamepanda kuliko ilivyotarajiwa, wakati majimbo jirani hayakupanda hivyo. Na nani wanaokufa St. Louis? Wengi ni vijana weusi. Kama sheria ilitungwa kumbagua mtu mweusi na kufutwa kwake kunamzika mtu mweusi, hapo lazima tufikiri mara mbili kabla ya kupiga makofi.

Na hilo la Rahimi, karatasi haikumzuia kwa sababu hakuna aliyeifuata karatasi. Narudi palepale. Ndiyo maana ile ya saa 96 aliyoieleza Mama Neema ndiyo ya kuigwa: jaji anaona ushahidi, jaji anasaini, polisi wanakwenda na hati. Siyo mtu wa ofisini anatuma bahasha na kuomba Mungu.

---

Kisu_Hakina_Mpini

Jaji nakubaliana naye. Mtu afikishwe mbele ya jaji, ajitetee, ndiyo avuliwe. Ofisi ya Springfield sikubaliani nayo hata mkinipa FOID ya dhahabu.

---

Mama_Neema

Ajitetee, sawa, lakini baada ya bunduki kuondoka ndani, si kabla. Kesi isikilizwe wiki ijayo mke akiwa hai.

---

Wanjiku_wa_Lowell

Mimi niko Massachusetts, Wakenya tumejaa hapa. Kwetu leseni anatoa mkuu wa polisi wa mji wako, na ndiye anaweza kuipokonya akiona hufai, una siku 90 kwenda mahakama ya wilaya kulalamika. Gavana Healey alisaini sheria mpya Julai 2024 iliyowaongeza madaktari na wakuu wa shule kwenye orodha ya wanaoweza kuomba mtu avuliwe silaha. Wapinzani wakakusanya sahihi ili isimame kwanza, naye Oktoba 2 akatia saini tamko la dharura ianze kazi papo hapo. Kelele si kelele! Sahihi zilitosha na suala limepangiwa kura ya wananchi Novemba 2026. Kwa hiyo huku kufuta au kutofuta tutaulizwa wenyewe, walio raia.

---

Lukuga_Boy

Wakubwa samahani, naona mmejua sana. Kuna ndugu yangu yuko Rock Island, ana grini kadi, amepata barua ya kufutiwa FOID baada ya ugomvi na shemeji. Ana bastola moja. Anasema atampa rafiki yake wa Davenport amfichie mpaka mambo yapoe. Hii ni sawa?

---

Mwanasheria_wa_Kibarazani

@Lukuga_Boy mzuie LEO. Mimi si wakili wake, ila nimefanya kazi ofisi za mawakili wa uhamiaji miaka mingi, na hii nimeiona ikiharibu maisha ya watu.

Kwanza, asiiguse kuipeleka Iowa. Kumpa mtu wa jimbo jingine bastola bila kupitia muuzaji mwenye leseni ni kosa la shirikisho. Anatoka kwenye tatizo la karatasi anaingia kwenye jinai.

Pili, yeye si raia. Raia akikutwa na bunduki bila kadi anakwenda mahakamani, anapigwa faini au anafungwa, anarudi nyumbani. Mwenye grini kadi akihukumiwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, hata kama hajawahi kumgusa mtu. Ugomvi wa nyumbani nao ni kosa la kufukuzwa kivyake. Akiambiwa na wakili wa bure wa mahakama "kiri tu, utapewa miezi ya uangalizi", aseme kwanza mimi si raia, nataka ushauri wa uhamiaji. Mahakama ya Juu ilishasema tangu 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja hatari hiyo, lakini wengine wanasahau kuuliza.

Tatu, ile fomu. Saa 48 zinahesabika. Kadi inakabidhiwa polisi wa eneo lake. Bastola anaweza kuikabidhi polisi, kwa muuzaji mwenye leseni, au kwa mtu wa Illinois mwenye FOID hai, lakini kama mahakama imeshatoa amri ya zuio basi afuate amri inavyosema neno kwa neno, na kwa hali yake mimi ningesema polisi, basi. Asitembee nayo kuingia kituoni! Apige simu isiyo ya dharura, aseme jina, aseme ana silaha ya kukabidhi kwa sababu kadi imefutwa, aulize waje au yeye aende vipi. Iwe haina risasi, imefungiwa. Kama Kiingereza kinampiga chenga aombe mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, wanao. Apewe risiti yenye namba ya bastola, aipige picha.

Nne, akishatii ndiyo akate rufaa. Tangu Januari 2023 kuna bodi ya watu saba inayosikiliza rufaa za FOID, zamani ilikuwa mezani kwa mkurugenzi wa polisi. Makosa mengine mazito yanakwenda mahakama ya kaunti moja kwa moja. Barua yake imeandika sababu, aisome sababu hiyo kabla ya kujibu chochote.

---

Lukuga_Boy

Asante sana mkuu. Nimempigia, nimemsomea yote. Anauliza shemeji akifuta kesi kadi inarudi yenyewe?

---

Mwanasheria_wa_Kibarazani

Hairudi yenyewe. Anaomba upya au anakata rufaa, na nakala ya hati ya mahakama kwamba amri imeondolewa anaambatisha. Na asimtafute shemeji kumwomba afute. Kama amri inamkataza kuwasiliana naye, hata ujumbe wa WhatsApp wa kuomba radhi ni kuvunja amri, hata kupitia kwako wewe.